Natoka Canon 800D naenda fulifremu: R8, R6 mtumba au Sony A7 III? Nipo Kigoma

MwishoWaReli

Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri maana nimesoma mpaka kichwa kinauma, nalala nimeamua kamera hii naamka nataka ile.

Mi ni mpiga picha hapa Kigoma mjini, ofisi ipo Mwanga. Kazi zangu harusi, sendofu, mahafali, na pasipoti saizi ndo zinazolipa kodi ya fremu. Natumia Canon 800D toka 2018, lenzi ninazo tatu, 18-55 iliyokuja nayo boksini, 10-18 ya kupiga ukumbi wote, na 50mm f/1.8 STM. Flashi moja ya Godox ya Canon. Kamera haijanikosea kitu, mchana pale Kibirizi boti zikiwa zinashusha mizigo inanitolea picha mtu anabisha kwamba sio 800D.

Shida ni usiku. Kumbi zetu mnazijua, kitambaa cheusi juu, taa za MC zinageuka buluu, zambarau, kijani, alafu zinazimwa kabisa bibi harusi anapoingia ndo unaambiwa piga. Juzi juzi nilikuwa na sendofu Ujiji, kupeleka picha mama mzazi wa binti akazumu uso wa mwanae kwenye simu akaniuliza kwa upole kabisa, "baba, mbona mwanangu ana chenga kama tivii ya antena?" Nikasema nitairekebisha mama. Nimeirekebisha, chenga zimeisha na uso nao umeisha, umekuwa kama wa plastiki.

Bajeti milioni 4 kila kitu humo humo. Nachoangalia ni fulifremu, yani kamera yenye sensa kubwa (kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga): Canon R8 mpya, Canon R6 ile ya kwanza ya 2020 iliyotumika, au Sony A7 III iliyotumika. Kingine, nataka nianze kutoka na wavuvi wa dagaa usiku, mwezi ukiwa haupo ziwa lote linakuwa na taa kama mji mwingine umeota majini, hiyo picha nimeiwaza miaka.

Na mjue huku ni mwisho wa reli kweli, kitu kikifa fundi wa maana yupo Dar, kilomita elfu moja mia mbili na zaidi. Natanguliza shukrani.

kijana_wa_bando

Ngoja waje wataalamu, nimekaa siti ya mbele

Asali_ya_Tabora

Mwangaluka ndugu yangu wa Kigoma. Kabla hujatoa hata shilingi, ifungue hiyo picha ya mama uangalie taarifa zake, ISO ngapi (kamera imeongeza mwanga kiasi gani), f ngapi (uwazi wa lenzi, namba ndogo ndo mwanga mwingi), shata ngapi (muda wa kupiga) na lenzi gani. Tuletee hapa. Watu wengi wanatibu kamera wakati mgonjwa ni mwingine.

MwishoWaReli

Nimeangalia mkuu. Lenzi 18-55 ikiwa imevutwa mpaka mwisho, f/5.6, shata 1/60, ISO 6400. Flashi betri zilikuwa zimekata nikawa nabadilisha, akaingia.

Asali_ya_Tabora

Haya hapo tunaongea lugha moja. Sikiliza taratibu.

Sensa ya 800D ni milimita 22.3 kwa 14.9, fulifremu ni 36 kwa 24, ukipiga hesabu ya eneo ni kama mara 2.6. Kwaiyo kwa f ileile na shata ileile faida yako ni kama stopu moja na theluthi (kila stopu ni mwanga mara mbili), maana yake ISO 16000 hivi ya fulifremu inafanana na hiyo 6400 yako ya leo. Ni nzuri ila sio muujiza, hasa kwa mtu anayetoa milioni 4.

Sasa rudi kwenye begi lako. Ile 50 inafungua mpaka f/1.8. Toka 5.6 kuja 1.8 ni stopu tatu na kidogo, yani hiyo ISO 6400 ingeshuka mpaka mia sita na kitu. Bure. Dawa ulikuwa nayo kwenye begi, hukuitoa tu.

Na kuna mtego hapo kwenye R8, ukiichukua na ile lenzi yake ndogo ya 24-50 inaanzia f/4.5 na inaishia f/6.3, kwaiyo faida ya sensa unaipata kwa mkono wa kulia, lenzi inakumegea kipande kwa mkono wa kushoto. Wengi wanaingia hapo kwasababu ndo boksi la bei rahisi, alafu wanarudi kulalamika mbona fulifremu haina maajabu.

MwishoWaReli

Mkuu umenipiga na kitu kizito lakini nijitetee kidogo. Hiyo 50 naipenda ila ukumbini inanikwamisha, kwenye 800D inaona kama 80, nikitaka bibi na bwana na wapambe wao inabidi nirudi nyuma mpaka jikoni, na katikati hapo pamejaa mashangazi na simu zao juu. Ndo maana nashika 18-55.

Asali_ya_Tabora

Hapo nakupa. Hiyo sasa ndo sababu ya kweli ya kwenda fulifremu, kwamba 50 itarudi kuwa 50 na utasimama sehemu ya binadamu. Nimekubali.

Ila jua hili mapema, 50 yako na flashi ndo zinahamia na heshima zao. Ile 50 ni EF, lenzi za Canon za zamani zinazofunika fulifremu, inakaa kwenye R kwa adapta, na adapta ya Canon haina kioo ndani ni kama bomba tu lenye nyaya za mawasiliano, fokasi inafanya kazi vizuri tu. Lakini 18-55 na 10-18 ni EF-S, za sensa ndogo, ukizivalisha kamera yenyewe inakata picha irudi kropu, yani saizi ya sensa ndogo kama ya 800D, kwenye R8 unabaki na kama megapikseli 9, kwenye R6 hata 8 hazifiki. Kwa posti za simu sawa, kwa albamu kubwa ya harusi utajuta. Kwaiyo kwenye hesabu weka na lenzi pana.

mgebuka_mkaango

Mnamzungusha bure kijana wa watu. A7 III, mchezo umeisha.

Nipo nayo hapa Kigoma mwaka wa tatu, nilikuwa na Canon kama wewe nikauza vyote kwa uchungu mara moja yakaisha. Lenzi ndo sababu. Sony wamewaachia mlango wazi watengenezaji wengine, mi natumia Tamron 28-75 f/2.8 ile ya kwanza ya 2018, inapiga harusi nzima haitoki kwenye kamera. Canon kwenye RF, mdomo wa lenzi wa hizo R, walifunga mlango, Sigma na Tamron waliruhusiwa kuanzia 2024, tena wakaanza na lenzi za kropu. Kwaiyo ukitaka zumu ya f/2.8 mpya kule unaenda kwa Canon mwenyewe na bei zake kaa chini kwanza ndo uulize.

Betri sasa. Ile betri ya A7 III ni kubwa, natoka nyumbani saa nne asubuhi saluni kwa bibi harusi, kanisani, picha za ziwani, ukumbini mpaka saa sita usiku, betri mbili na ya pili inabaki. R8 hiyo ya betri kadogo utatembea na mfuko wa betri kama mchuuzi wa karanga.

Ubaya wake nisiufiche, menyu yake ya zamani imekaa kama mtaa usio na ramani, na kioo kinainama juu na chini tu hakigeuki kukutazama mbele. Video 4K mwisho fremu 30. Kwa picha sijawahi kuijutia.

MwishoWaReli

Hiyo ya betri imeniuma kaka, ila kitu kizuri nimegundua R8 inatumia LP-E17 ambayo ndo hiyo hiyo ya 800D, ninazo nne tayari. Na flashi yangu je nikija Sony?

mgebuka_mkaango

Flashi hapo nisikudanganye, ya Canon kwenye Sony TTL (flashi kujipimia nguvu yenyewe) sahau, utaseti nguvu kwa mkono. Mi nilinunua nyingine.

chura_wa_Malagarasi

Mi niliposoma kichwa cha habari nikajua jamaa kapata fremu nzima ya biashara pale sokoni anataka ushauri wa kodi 😂😂 kumbe kamera. Alafu sensa si tulishahesabiwa 2022?

Dada_Lenzi

Jamani kaka zangu mmeongea lenzi, mmeongea betri, hakuna hata mmoja aliyegusa kadi. Ngojeni niwaambie maana hili nimelipia.

Nilipiga ndoa moja, mkoa siutaji, na kamera yenye sloti moja kama hiyo R8. Kanisani safi, picha za nje safi, tukala keki. Kufika nyumbani naweka kadi kwenye kompyuta inaniambia inataka kufomatiwa. Nikaitoa nikaipuliza nikaiweka, inataka kufomatiwa. Mikono ikaanza kutetemeka. Nilikaa na programu za kurudisha mafaili mpaka alfajiri, zikarudi picha za saluni na nusu ya kanisa, pete haikurudi. Kwenda kumwambia bibi harusi kwamba pete hakuna, naombeni msinikumbushe. Hela nilirudisha yote na kwa kamati ile jina langu halitajwi.

Toka siku hiyo sloti mbili au sichukui kazi. R6 ina sloti mbili zote za SD, unaseti iandike picha ileile kwenye kadi zote mbili, moja ikifa unacheka. A7 III nayo inazo mbili ingawa moja ndo ya kasi nyingine ni ya mwendo wa kawaida. R8 ni kamera tamu, nyepesi, gramu 461 na betri yake, fokasi ya jicho ni ya kisasa kuliko hizo mbili, lakini kwa mtu wa harusi hapana. Kwa mtu wa safari na familia ningesema chukua kesho.

Jingine la R8 na hili usilipuuze ukienda na wavuvi wako, haina kituliza mtikisiko ndani ya bodi. Ile 50 yako nayo haina. Kwaiyo shata ya chini chini kwa mkono utapata ukungu. R6 sensa yake yenyewe inatulizwa, hata hiyo 50 ya zamani inatulia. Japo mtumbwi ukiyumba na mvuvi anavuta wavu hakuna kituliza kitakachomzuia mvuvi, hapo ni shata na ISO, kituliza ni kwa vitu vilivyokaa.

Na mkishanunua mirolesi, kamera za kisasa kama hizi tatu, msije mkaweka shata ya kimya ukumbini mkaona mmekuwa wajanja. Taa za LED zile zitakuchorea mistari mistari kwenye gauni jeupe, kwenye kioo kidogo unaweza usiione, nyumbani ndo unaiona. Alafu kwenye R6 na R8 shata ya kimya flashi haiwaki kabisa. Nilishasimama mbele ya meza kuu nabonyeza flashi haiwaki nikadhani imekufa.

Asali_ya_Tabora

Dada yangu hapo kwenye sloti umenishinda, na mimi mwenyewe natumia sloti moja mpaka leo. Pole sana.

msitu_na_ziwa

Mi napeleka wageni Gombe, nipige upande wa pili kidogo. Kule ukishuka kwenye boti unaingia msituni, kuna kivuli kizito saa sita mchana unaweza kujiona uko magharibi, na flashi kwa sokwe ni marufuku. Kwaiyo fulifremu kule inalipa kweli, wageni wa kropu nawaona wanahangaika na chenga kama wewe na mama yako wa Ujiji.

Lakini kuna wanayoisahau. Sokwe hatakiwi kusogelewa, na ukitoka kwenye kropu unapoteza uvutaji. Lenzi ya 250 kwenye 800D inaona kama 400, ukiipeleka fulifremu inarudi 250, na lenzi ya kukurudisha 400 sio bei ya dagaa. Nimeona mzungu na fulifremu mpya kabisa na lenzi fupi anapata nukta nyeusi juu ya mti, kijana wa chuo pembeni yake na kropu ya kizamani anatoa sura ya mnyama mpaka kope.

Kwaiyo 800D usiuze mkuu. Kwanza bei utakayopewa haitakufurahisha, pili ndo kamera yako ya akiba siku hiyo ghali ipo njiani kwenda kwa fundi Dar.

njano_nyeusi

Nikon Z5 mbona mmeiruka? Sloti mbili za SD, kituliza ndani, iliyotumika ni nafuu kuliko zote hapo. Video yake ya 4K inakata picha kwa 1.7 na kasi yake ni picha 4.5 kwa sekunde, lakini harusi sio mbio za magari.

Dada_Lenzi

Z5 ni nzuri kwa anayeanza sifuri. Huyu ana 50 na flashi za Canon. Akihamia Nikon anaanza kununua upya mpaka kifuniko.

Asali_ya_Tabora

Naona upepo umeelekea R6 na mimi sipingi tena. Megapikseli 20 zisikutishe, albamu inazimeza vizuri, na kadi hazijai haraka. Sasa nikuachie ya kukagua mtumba maana huko Kariakoo na mitandaoni kuna mazuri na kuna misiba.

Nenda na kadi zako mbili na lenzi yako. Piga ukuta mweupe au anga kwa f/16 uzumu pembe zote, vumbi utaliona kama madoa ya moshi, vumbi linasafishika usiogope sana. Kisichosafishika ni mstari wa rangi unaokatiza picha au nukta zilizoungua zinazorudi palepale kila picha, hiyo mara nyingi ni taa za leza za ukumbini zimeichoma sensa, kamera iliyopiga madisko iogope. Kisha funika lenzi kabisa piga sekunde kadhaa, picha iwe nyeusi, ukiona nyota nyingi za rangi achana nayo. Jaribu sloti zote mbili, jaribu flashi pale juu, geuza kile kioo mara kumi uone kama kinazima kwa sekunde. Shata ya R6 imepimwa kufika laki tatu, ya A7 III laki mbili, na kwa Sony idadi inasomeka ndani ya faili la picha.

Ukiamua Sony, washa menyu kwanza kabla ya kutoa hela. Zile bodi zilizotengenezwa kwa soko la Japani nyingi zina Kijapani peke yake na hakibadiliki. Jamaa yangu hapa Isevya anayo, anaitumia kwa kukariri, ukimhamishia kitu kimoja siku nzima imeharibika.

mgebuka_mkaango

😂 Hiyo ya Kijapani ni kweli, yangu niliikwepa hivyo hivyo. Haya R6 sio mbaya, ila siku ukitaka zumu ya f/2.8 utanikumbuka.

MwishoWaReli

Wakuu nimerudi, samahani kwa kimya, kazi na umeme.

Dada_Lenzi tuliongea pembeni, ikaonekana kuna mdogo wake yupo Kigoma ana R6, nikaikodi Jumamosi kwa sendofu nyingine, adapta alikuwa nayo. Nikaenda na 50 tu, zingine nikaziacha ofisini makusudi nisije nikashawishika.

Kitu cha kwanza nilichokiona nilikuwa nimesimama mbali mno. Mkono umezoea kurudi nyuma, kwa hiyo picha za mwanzo watu wadogo ukumbi mkubwa mpaka nikajifunza kusogea. Binti alipoingia taa zikazimwa kama kawaida, nikaweka f/2, shata 1/160, ISO ikaenda 12800 yenyewe nikasema basi leo naumbuka tena. Nimefika nyumbani nimezumu jicho. Chenga zipo, ila ndogo ndogo kama unga wa muhogo, na kope unazihesabu, na rangi ya ngozi imebaki ya kwake sio ya zambarau.

Mabaya nayo yapo. Kamera inakula betri kuliko 800D kwasababu sensa na kioo vinawaka muda wote, tatu zilikwisha na bado MC anaongea. Na pale kwenye kukata keki f/2 imenila, uso wa binti upo wa bwana harusi umeyeyuka, ilibidi nifunge mpaka f/4 na kuwasha flashi nikipigia ukuta wa nyuma maana dari ni kile kitambaa cheusi. Kwaiyo fulifremu haijaniondolea flashi, mkuu wa Tabora ulisema sio muujiza.

Nachukua R6 iliyotumika, adapta, na kadi mbili mpya, inayobaki natafuta EF 35mm f/2 ya mkononi kwa ajili ya ukumbi maana hiyo ni EF na inakaa bila kukatwa. 10-18 na 18-55 zinabaki na 800D, na 800D inabaki kwenye pasipoti saizi na siku nikimfuata msitu_na_ziwa. Walionitumia meseji kuiuliza, siuzi.

Wavuvi nimeshaongea nao pale Kibirizi, wamesema nisubiri mbalamwezi ipite, na nije na koti, na nisile mihogo mingi kabla ya kupanda mtumbwi.

chura_wa_Malagarasi

Kadi mbili weka mifuko tofauti, mtumbwi ukizama moja ielee 😂